Kura na Msitu: Harakati za Chico Mendes, Diwani wa Xapuri

Katika semina zetu za siasa hujitokeza mara kwa mara hoja kwamba ulinzi wa mazingira ni jambo la watu walioshiba, na kwamba mnyonge kwanza apate haki yake ya kupiga kura, habari za miti zitafuata baadaye. Hoja hii inatenganisha mambo mawili ambayo kiini chao ni kimoja, yaani nani mwenye madaraka juu ya ardhi. Tunapendekeza wanaharakati wetu waichunguze kwa kutazama historia ya Jimbo la Acre, magharibi kabisa mwa Brazili, na diwani mmoja wa huko, Francisco Alves Mendes Filho, maarufu kama Chico Mendes.

Tuanze na sheria. Katiba ya Brazili ya 1891 ilimnyima kura mtu asiyejua kusoma na kuandika, na kizuizi hicho kilidumu hadi Mei 1985. Kwa maneno mengine, kwa zaidi ya miaka 90 mabwanyenye wa nchi ile waliweza kuitisha uchaguzi bila kuwaogopa wakulima. Na katika mashamba ya mpira ya Amazoni, wenye mashamba hawakutaka shule zijengwe. Sababu ilikuwa wazi: mgema mpira alilazimika kumuuzia bwana wake mpira wote na kununua chumvi, risasi na nguo katika duka la bwana huyo huyo, kwa deni lisilokwisha. Mtu anayejua kusoma angelikagua daftari la deni. Kwa hiyo ujinga ulikuwa nyenzo ya unyonyaji mara mbili, dukani na kwenye sanduku la kura.

Mendes alizaliwa Desemba 15, 1944, karibu na mji mdogo wa Xapuri, akaanza kugema mpira akiwa mtoto wa miaka tisa hivi. Alijifunza kusoma akiwa kijana mkubwa. Mwalimu wake, Euclides Távora, alikuwa mwanamapinduzi wa zamani aliyejificha msituni baada ya maasi ya 1935 kushindwa. Vitabu vyao vilikuwa magazeti makuukuu. Jioni walisikiliza redio za Moscow, London na Marekani, wakilinganisha jinsi kila moja ilivyoeleza tukio lile lile. Sisi tunaofundisha siasa hatuna budi kukiri kwamba njia hiyo ni bora kuliko nyingi tunazotumia.

Wanajeshi walitwaa madaraka Brazili mwaka 1964. Katika miaka ya 1970 dola yao iliwafungulia milango mabepari wa kusini, wakanunua mashamba ya mpira na kuyafyeka ili kufuga ng'ombe. Wagema mpira walifukuzwa, nyumba zao zikachomwa moto. Wakajiunga katika vyama vya wafanyakazi wa vijijini, kwanza Brasiléia mwaka 1975, kisha Xapuri mwaka 1977. Silaha yao iliitwa empate: wanaume, wanawake na watoto waliandamana mpaka kwenye kambi ya wakata miti na kuwataka wazime misumeno. Tuzingatie kwamba wale wenye misumeno walikuwa vibarua maskini kama wao. Kazi ya kwanza ya empate ilikuwa kuzungumza nao.

Mwaka 1976 Mendes alichaguliwa diwani wa Xapuri kwa tiketi ya MDB, chama pekee cha upinzani kilichoruhusiwa na majenerali. Mwaka 1979 aliufungua ukumbi wa baraza kwa mikutano ya viongozi wa wafanyakazi na wa wananchi. Akatuhumiwa uchochezi, akahojiwa na polisi. Julai 21, 1980, Wilson Pinheiro, kiongozi wa chama cha wafanyakazi cha Brasiléia, aliuawa kwa risasi ndani ya ofisi ya chama. Mwaka huo huo Mendes alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Chama cha Wafanyakazi, PT, katika Acre.

Alipogombea ubunge wa jimbo mwaka 1982 alishindwa. Wapo wanaosema kwamba hakujua siasa za uchaguzi. Sisi tunauliza: wapiga kura walikuwa nani? Umati uliosimama naye mbele ya misumeno, kwa sehemu kubwa, haukuruhusiwa hata kukaribia kituo. Ndiyo maana shule za wagema mpira zilizoanza wakati huo zilikuwa na uzito mkubwa kuliko hotuba yoyote. Kitabu chao cha kwanza kiliitwa Poronga, jina la taa ambayo mgema huivaa kichwani anapoingia msituni alfajiri.

Oktoba 1985, miezi mitano baada ya kizuizi cha kura kufutwa, wagema mpira walikutana Brasília kwa mara ya kwanza kitaifa. Hapo walidai msitu uwe mali ya dola, nao wakae humo wakivuna mpira na njugu, pasiwepo hati ya kuuzwa kwa mtu binafsi. Mwaka 1987 Umoja wa Mataifa ulimpa Mendes tuzo. Magazeti ya nchi tajiri yalimfanya mtakatifu wa miti, na jambo hilo lilificha kazi yake hasa, ambayo ilikuwa uongozi wa wafanyakazi.

Desemba 22, 1988, alipigwa risasi mlangoni mwa nyumba yake. Mfugaji Darly Alves da Silva na mwanawe Darci walihukumiwa miaka 19 mwaka 1990, wakatoroka gerezani 1993, wakakamatwa tena 1996.

Machi 1990 serikali ilitangaza hifadhi yenye jina lake, ukubwa wa karibu hekta 970,000. Mwaka 1994 Marina Silva, binti wa mgema mpira aliyejifunza kusoma akiwa na miaka 16, alichaguliwa seneta. PT ilitwaa serikali ya Acre katika uchaguzi wa 1998 na kuishikilia hadi iliposhindwa 2018. Lakini bei ya mpira haikutosha kulisha familia, na ndani ya hifadhi yenyewe baadhi ya wagema wamefyeka msitu, wakaanza kufuga ng'ombe.