Hayley Mills: Jasho la utotoni lililoishia kwa mtoza kodi

Aprili 18, 2026 ni miaka 80 tangu Hayley Mills azaliwe jijini London. Sinema aliikuta nyumbani. Baba yake, John Mills, alikuwa miongoni mwa waigizaji wakubwa wa Uingereza, na mama yake, Mary Hayley Bell, alikuwa mwandishi.

Mwongozaji J. Lee Thompson alikuwa anatafuta mvulana wa kuigiza katika Tiger Bay. Alipomwona Hayley, aliyekuwa na miaka 12, akaamua mvulana huyo awe msichana. Filamu ikatoka 1959. Walt Disney naye akamsainisha: Pollyanna mwaka 1960, kisha The Parent Trap mwaka 1961, ambamo aliigiza mapacha wote wawili. Pollyanna ilimpatia Oscar ya watoto. Siku ya kukabidhiwa yeye yuko shule ya bweni Uingereza, Annette Funicello akampokelea. Hakuna mtoto mwingine aliyepewa tuzo hiyo baada yake.

Fedha sasa. Uingereza ya wakati ule ilitoza kodi kali mno kwa wenye kipato kikubwa, na John Mills, kwa ushauri wa wataalamu, akaunda kampuni mwaka 1960. Binti, mwenye miaka 14, akawa mwajiriwa wake kwa mshahara mdogo. Malipo ya filamu yaliingia kwenye kampuni, na faida ikawekwa katika mfuko wa amana hadi atakapokua. Katika kumbukumbu zake, Forever Young, zilizochapishwa 2021, Hayley anaeleza alivyofikisha miaka 21 na kukuta watoza kodi wanadai asilimia 91 ya akiba yote.

Kesi ikapanda ngazi za mahakama hadi Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa nchini humo. Mwaka 1974 malodi wakaamua dhidi yake. Hoja yao: fedha zilitokana na kazi yake, hivyo kisheria yeye ndiye aliyeuanzisha mfuko, na mapato yake ni ya kutozwa yeye. Yaani msichana aliyepelekewa karatasi na wakubwa ahesabiwe kuwa ndiye aliyepanga mambo! Kisheria huenda ni sawa. Kwa haki ya kawaida, mimi siioni. Waliopanga walikuwa watu wazima, aliyelipa ni mtoto.

Wakati huo utoto ulikuwa umekwisha. Mwaka 1966 alicheza The Family Way chini ya mwongozaji Roy Boulting, aliyempita kwa zaidi ya miaka 30. Magazeti yakapata la kuandika. Wakaoana 1971, na ndoa ikavunjika kabla muongo haujaisha.

Kisha ikaja Kenya. Mwaka 1981 alikuwa Tilly katika The Flame Trees of Thika, tamthilia ya televisheni iliyotokana na kumbukumbu za Elspeth Huxley za utoto wake miongoni mwa walowezi. Safari hii yeye ndiye mama, na mtoto akachezwa na Holly Aird. Kweli, hadithi inasimuliwa kutoka barazani kwa mlowezi, na Wakikuyu waliokuwa na ardhi yao wanabaki pembeni. Hata hivyo, kwa macho yangu hakuwahi kuigiza vizuri zaidi ukubwani. Televisheni za Kenya ziirudishe hewani, na baada ya kila sehemu waitwe wanahistoria wetu waijadili.