Baba Bombomu, Mwana Kiwambo

Sisi tuliokulia kwenye riwaya za kipelelezi, tukimfuata Joram Kiango wa Ben Mtobwa na Willy Gamba wa Elvis Musiba mpaka mafuta ya taa yanakwisha kwenye kibatari, tunajua bastola yenye kiwambo cha kuzuia sauti inaliaje. Hailii. Mtu anafyatua, mwingine anadondoka, na mhudumu wa hoteli anaendelea kusukuma kitoroli chake cha chai kwenye korido kana kwamba kilichofunguliwa ni soda.

Mwaka 2023 nilikwenda Houston kumsalimia dada yangu, na shemeji akanipeleka kwenye uwanja wa kulenga shabaha. Alikuwa na kiwambo chake cha kwanza, alichokisubiri miezi tisa. Alikifungia kwenye mdomo wa bastola ya milimita 9, akalenga, akafyatua. Nikaruka! Ulikuwa mlio kamili, kama mtu amebamiza mlango wa lori karibu na sikio langu. Shemeji akacheka: "Shem, ulidhani utasikia nini? Chafya ya paka?"

Kwa kweli ndicho nilichodhani. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza nani alitudanganya, na kwa nini kipande cha bomba kisichoweza kumuua hata panya kilimgharimu shemeji miezi tisa, alama za vidole na dola 200 za kodi, wakati bastola yenyewe aliinunua siku moja na kurudi nayo nyumbani kabla chakula cha jioni hakijaiva. Jibu linaanzia kwenye familia moja.

Hiram Stevens Maxim alizaliwa Sangerville, jimbo la Maine, mwaka 1840. Alikuwa fundi wa kila kitu, na mwaka 1881 alihamia Ulaya akaiacha familia yake Marekani. Huko London, kufikia mwaka 1884, akatengeneza bunduki inayotumia teke lake yenyewe kujipakia risasi nyingine: unashika kifyatulio, inamwaga risasi kama 600 kwa dakika. Waingereza wakampa uraia, na mwaka 1901 wakamfanya Sir.

Bunduki hiyo sisi tunaijua kwa jina jingine. Wazee waliita bombomu, jina linalolia kama chombo chenyewe. Tarehe 30 Agosti 1905, Wangindo na Wapogoro kwa maelfu walipoiendea boma ya Wajerumani pale Mahenge wakiamini maji ya Kinjekitile Ngwale yatageuza risasi kuwa maji, walipokelewa na bombomu mbili. Aliyesoma *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein shuleni ameshaonja uchungu wa imani ile. Kwenye mtihani tuliulizwa kuhusu maji. Sikumbuki hata mara moja tulipoulizwa kuhusu mtu wa Maine.

Mzee Maxim aliilipa bunduki yake kwa masikio. Miaka ya kuijaribu na kuionyesha kwa wafalme na majenerali, bila kinga yoyote, ilimfanya kiziwi. Alifariki mwaka 1916, katikati ya vita ambavyo majeshi mengi yalikuwa na toleo la bombomu yake.

Mtoto aliyeachwa Marekani akiwa na miaka kama 12 aliitwa Hiram Percy. Alisoma MIT akamaliza 1886, akahangaika na magari huko Hartford, Connecticut, enzi ambazo gari lilikuwa bado linaitwa mkokoteni usio na farasi. Huyu naye alikuwa mzee wa kelele, ila kwa upande wa pili: alizichukia. Alisimulia kwamba wazo la kiwambo lilimjia akitazama maji yanavyojizungusha yakishuka kwenye tundu la bafu. Kama maji yanaweza kuchelewa kwa kuzunguka, kwa nini gesi isichelewe? Kwa kuwa kinacholia kwenye mdomo wa bunduki hasa ni gesi ya moto inayotoka kwa pupa. Ipe vyumba vya kupitia, izunguke, ipoe, itoke polepole, na mlio unapungua. Machi 1909 akapewa hataza, akaanzisha kampuni, na vitu vyake vikauzwa kwa dola chache, hadharani, kwa watu waliotaka kulenga shabaha bila kugombana na jirani.

Kanuni hiyohiyo ndiyo iliyoko kwenye sailensa ya gari. Kijana wa bodaboda anayeing'oa sailensa ili pikipiki yake ingurume mtaani saa sita usiku anapigana na Hiram Percy Maxim bila kumjua. Kampuni yake iliendelea kutengeneza vizuia kelele vya injini hata baada ya kuachana na vile vya bunduki, na mimi naona pale ndipo moyo wake ulipokuwa. Mwaka 1914 alishiriki kuanzisha chama cha wapenzi wa redio za mawasiliano kilichopo Marekani mpaka leo. Mtu aliyetaka kusikia.

Sasa tuje kwenye sheria. Miaka ya marufuku ya pombe iliwapa Wamarekani majambazi wenye bunduki za rasharasha aina ya Thompson, na mauaji ya Siku ya Wapendanao ya mwaka 1929 huko Chicago yakabaki vichwani mwa watu. Februari 1933 mtu mmoja akamfyatulia risasi Franklin Roosevelt kule Miami, wiki chache kabla hajaapishwa. Akamkosa, akampata meya wa Chicago, Anton Cermak, aliyekufa baadaye. Silaha aliyotumia ilikuwa bastola ya kawaida, si bombomu, wala hapakuwa na kiwambo.

Mwanasheria Mkuu Homer Cummings alipopeleka muswada bungeni mwaka 1934, bastola ilikuwamo. Ndiyo ilikuwa shabaha kubwa: bastola zote ziandikishwe na zitozwe kodi. Wenye bunduki wakapiga kelele, na bastola ikachomolewa. Vilivyobaki ni vile visivyokuwa na mtetezi wa kutosha: bunduki za rasharasha, bunduki zilizokatwa mitutu, na viwambo. Ukisoma kumbukumbu za vikao utaona wabunge wakibishana juu ya bastola na rasharasha kurasa kwa kurasa. Kiwambo kiko pale kama abiria aliyedandia basi, hakuna anayemuuliza anakwenda wapi. Tarehe 26 Juni 1934 Roosevelt akatia saini. Kodi ya kila kimoja ikawa dola 200, zaidi ya dola 4,500 kwa thamani ya leo, kwa kifaa kilichokuwa kikiuzwa kwa dola chache.

Hiram Percy alikuwa hai. Alifariki Februari 1936, na mwaka huohuo kikatoka kitabu chake *A Genius in the Family*, kumbukumbu za utotoni kuhusu baba yule aliyekuja kuondoka. Ni kitabu cha kuchekesha, na kila mpenzi wa tawasifu angekifurahia. Lakini mimi nikikifikiria naiona ile sheria pembeni yake: bombomu ya baba na kiwambo cha mwana, kilichouwa maelfu na kilichonyamazisha, vimewekwa kwenye sentensi moja na kutozwa kodi ileile. Mtoto hakuwahi kuishi karibu na baba yake kiasi hicho.

Baada ya hapo hadithi ikachukua usukani. Kifaa kikawa adimu, na kitu adimu kinajazwa na wasimulizi. Mwaka 1962, katika filamu ya *Dr. No*, James Bond wa Sean Connery amekaa kitini gizani, Profesa Dent anaingia, na mauaji yanafanyika kwa sauti ndogo ya adabu. Kutoka hapo kiwambo kikawa kitambulisho cha muuaji wa kulipwa, kikavuka bahari, kikaingia kwenye lugha yetu. Tazama hata neno tulilolichagua: kiwambo ni ngozi inayowambwa kwenye ngoma. Tumeliazima kutoka kwenye chombo cha kelele kutaja chombo cha ukimya. Nalipenda neno hilo kuliko sailensa, ingawa fundi pale gereji hatanielewa.

Turudi Houston, kwa sababu hapo ndipo utaona karatasi za mwaka 1934 zinavyomshika mtu wa leo.

Shemeji anafanya kazi ya usiku na ana mlio wa kudumu kwenye sikio la kushoto, zawadi ya karakana ya vyuma alikofanya kazi alipofika. Mlio wa bastola ya milimita 9 unakaribia desibeli 160. Mstari wa hatari kwa sauti za ghafla huwekwa kwenye 140. Kiwambo kizuri hupunguza desibeli kama 20 hadi 35, yaani kinaishusha bastola chini ya mstari ule, lakini si mbali sana nao. Ndiyo maana siku ile aliniwekea vizibo masikioni, na yeye akavaa vyake.

Kununua kwenyewe si kazi ya kificho, ni kazi ya foleni. Kwanza uwe kwenye jimbo linaloruhusu: majimbo 42 yanaruhusu raia kumiliki, California, New York, New Jersey, Massachusetts, Rhode Island, Delaware, Hawaii na Illinois hayaruhusu. Halafu muuzaji awe na leseni maalumu, kwa kuwa si kila duka la bunduki linaruhusiwa. Unachagua kifaa, unalipa, na kinabaki dukani. Unajaza Fomu 4 ya shirika la serikali kuu linalosimamia silaha, unatoa alama za vidole na picha, na nakala inakwenda kwa mkuu wa polisi wa eneo lako. Wapo wanaoandikisha kwa jina lao, na wapo wanaofungua amana ya kisheria ili mke au ndugu naye aweze kukishika bila kuvunja sheria. Shemeji alichagua amana. Dada yangu akalazimika kwenda kuchukuliwa alama za vidole, na mpaka leo hajamsamehe.

"Nilijisikia kama nimekamatwa," aliniambia akiwa anakaanga samaki, "kwa ajili ya kopo!"

Kuhusu kuchagua, shemeji alikosea kidogo na alikiri. Alitazama urefu tu: kifupi ni chepesi, kirefu ni kimya zaidi. Hakujua kwamba bastola nyingi za kisasa zina mtutu unaoinama kidogo kila risasi inapotoka, na ukiuning'inizia uzito mdomoni bastola inashindwa kujipakia. Inahitajika springi ndani ya kiwambo, inayouacha mtutu ufanye kazi yake kana kwamba haujabeba kitu. Bahati yake muuzaji alikuwa mkweli akamwambia. Pia mtutu wa kawaida hauna nyuzi za kufungia, akabadilisha. Na kopo lile nene likaziba shabaha za kulengea, akaweka ndefu zaidi. Jambo hili la mwisho lilinifurahisha, kwa sababu Hiram Percy alilitatua zamani: kiwambo chake cha 1910 kilikuwa na tundu lililosogezwa juu, mwili wake ukaning'inia chini ya mstari wa macho.

Kisha kuna risasi yenyewe. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde hewani, na risasi inayoipita sauti hupasua hewa kwa mlio ambao kopo halina la kuufanya. Anayetaka ukimya hununua risasi nzito zinazokwenda taratibu. Kwa milimita 9 zile za gireni 147 kwa kawaida ziko chini ya mstari huo. Bastola ya .45 iko chini yake tangu kuzaliwa. Na kwa anayeanza, wengi humshauri .22, ndogo na ya bei ya chini, mradi kiwambo kiwe cha kufunguka, maana risasi hizo huacha masizi na madini ya risasi ambayo lazima yasafishwe. Rivolva achana nayo: gesi inavuja kwenye mwanya kati ya ngoma na mtutu, huko ambako kiwambo hakifiki. Waandishi wetu wa riwaya, tafadhali.

Sisemi kwamba kila mtu awe nacho. Nimetoka kwenye nchi ambako bunduki ya jirani inapolia tunataka kuisikia, na hofu ya bunge lile la 1934 naielewa hata kama iliangukia mahali pabaya. Kinachonisumbua ni kwamba iliyomkosa Roosevelt na kumuua Cermak ilichomolewa kwenye muswada, na mpaka leo ndiyo inayouzwa kwa siku moja.

Julai 2025 Marekani ilipitisha sheria iliyoifuta ile kodi ya dola 200 kwa viwambo kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Haijapunguzwa, imekuwa sifuri. Kwa bunduki za rasharasha imebaki palepale, kwa hiyo baada ya miaka 91 baba na mwana wametenganishwa tena, angalau kwenye risiti. Fomu, vidole, picha na kusubiri havijaguswa.

Nilimpigia shemeji simu kumpa habari. Alikuwa anazo.

"Na mia mbili zangu?" akauliza.

"Hazirudi, shem."

Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia anafikiria cha .22, cha kufunguka safari hii, ila bado hajapata namna ya kumwambia dada yangu kuhusu vidole.