Mbeba Ndizi Hana Taa: Safari ya Babu kutoka Bukirasazi hadi Muyinga, 1972

Babu yangu alifundisha shule ya msingi katika tarafa ya Bukirasazi, kusini mwa mji wa Gitega, hadi mwezi Mei 1972. Ualimu wake aliutaja mara chache. Alichopenda kutaja ni baisikeli yake: nyeusi, yenye kengele na taa ya dinamo, aliyoinunua kwa mshahara wa miezi mingi. Katika insha hii nitaeleza jinsi baisikeli hiyo ilivyomtoa Burundi, na jinsi watu watatu asiowajua walivyomsaidia njiani. Nitajaribu pia kujibu swali linalonisumbua kama mwanafunzi wa historia: wema wa mtu asiyejulikana jina tunauandikaje?

Kwanza nieleze hali ya wakati ule. Tarehe 29 Aprili 1972 yalizuka maasi kusini mwa Burundi, katika maeneo ya Rumonge na Nyanza-Lac, na Watutsi wengi waliuawa. Usiku huohuo mfalme wa zamani, Ntare wa Tano, aliuawa mjini Gitega alikokuwa kizuizini. Serikali ya Michel Micombero ilijibu kwa kuwaua Wahutu nchi nzima, hata katika mikoa ambayo haikuwa na maasi yoyote. Waliotafutwa zaidi walikuwa wenye elimu na wenye kipato: walimu, wanafunzi, makarani, wafanyabiashara, askari. Wengi waliitwa ofisini au mkutanoni na hawakurudi. Makadirio ya waliouawa kwa jumla ni kati ya watu laki moja na laki tatu. Warundi huuita mwaka ule Ikiza, yaani janga.

Kwa hali hiyo, baisikeli ya babu ilikuwa na sura mbili. Ilikuwa njia ya kukimbia, lakini pia ilikuwa ushahidi dhidi yake. Enzi zile mwenye baisikeli kijijini alikuwa mtu wa mshahara. Askari akimwona kijana mwenye viatu juu ya baisikeli yenye taa, hakuhitaji kuuliza kitambulisho.

Nilimrekodi babu kwa simu mwaka 2015, nikiwa kidato cha tatu, nyumbani kwetu Ulyankulu mkoani Tabora. Alisema aliondoka Bukirasazi usiku, baada ya walimu wenzake wawili kuitwa tarafani na kutorudi. Alikwepa mji wa Gitega kwa kupita vijia vya milimani upande wa mashariki. Alfajiri akakutana na mtu aliyekuwa akifunga mikungu ya ndizi kwenye baisikeli yake. Mtu yule alimtazama toka miguuni hadi kichwani, akamwuliza anakwenda wapi. Babu akajibu kwamba anakwenda kumwona mgonjwa Karusi.

"Kwa njia hii hufiki," yule mtu akamwambia. "Darajani wanasimamisha watu."

Kisha akamvua kofia na koti, akamwambia avue na viatu. Akachukua bisibisi, akafungua taa na kengele. "Mbeba ndizi hana taa ya dinamo," alisema. Akafungua mikungu mitatu kutoka kwenye baisikeli yake mwenyewe, akaifunga kwenye ya babu. Alipoona babu anaitazama ile taa mkononi mwake, akamwambia: "Taa nitakutunzia. Ukirudi utaikuta."

Niliuliza swali ambalo kila anayesikia habari hii huuliza: alikuwa Mhutu au Mtutsi? Babu alinitazama kwa muda. "Alikuwa na ndizi," akasema. "Mimi sikuwa nazo."

Mtu wa pili alikuwa mwenye mtumbwi kwenye mto Ruvubu. Alimvusha babu jioni, baisikeli ikiwa imelazwa juu ya ndizi, na wakasubiri kwanza viboko waondoke. Babu alitaka kulipa. Mvushaji akachukua mkungu mmoja tu, akasema pesa zitamfaa mbele ya safari.

Miaka 48 baadaye, mwanzoni mwa 2020, Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi ilifukua makaburi ya halaiki katika mkoa wa Karusi, karibu na mto huohuo. Ilitangaza kuwa imepata mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Niliposikia habari hiyo redioni nilielewa maana ya maneno "darajani wanasimamisha watu". Babu hakuisikia. Alifariki mwaka 2016.

Mtu wa tatu alikuwa mfanyabiashara Mwislamu wa Muyinga. Babu alifika kwake akiikokota baisikeli, mpira wa ndani wa gurudumu la nyuma umechanika na tairi limejazwa majani makavu. Hakujua Kiswahili isipokuwa maneno machache ya sokoni. Yule mfanyabiashara alimkaribisha kwa Kiswahili, akamficha siku nne kwenye chumba cha magunia, akamtafutia mpira mwingine, halafu akaongozana naye kuelekea mpakani kama watu wawili waendao mnadani. Babu alitaka kumwachia baisikeli kama shukrani, akakataa. Baisikeli ile iliuzwa Ngara, upande wa Tanzania, na ndiyo iliyomlisha babu miezi ya kwanza ya ukimbizi. Baadaye alipelekwa Ulyankulu, mojawapo ya makazi matatu makubwa ya wakimbizi wa 1972, pamoja na Katumba na Mishamo. Mwaka 2014 Tanzania ilipowapa uraia zaidi ya watu 160,000 kati ya wakimbizi hao na watoto wao, babu alikuwa mmojawao.

Katika likizo ya mwaka 2022 nilikwenda Burundi kuipima habari hii kwa magurudumu. Niliazima baisikeli Bukirasazi nikaenda nayo Muyinga, safari ya zaidi ya kilomita mia moja, kwa siku mbili za mchana. Barabara ya Gitega kwenda Karusi na Muyinga sasa ina lami. Mwaka ule petroli ilikuwa adimu, na baisikeli zilikuwa nyingi kuliko magari: zimebeba ndizi, makaa, vitanda, hata mbuzi. Vilima vilinifundisha jambo ambalo rekodi haikuwa nalo. Babu alisema mara nyingine safari ilichukua usiku mbili, mara nyingine tatu. Baada ya kusukuma baisikeli tupu kwenye ile miinuko, naamini ni tatu, au zaidi.

Mimi pia nilipata pancha, karibu na Karusi. Mbeba ndizi mmoja alisimama bila kuitwa, akashusha mzigo wake wote ili apate vifaa vilivyokuwa chini yake, akaziba, akakataa pesa. Sitaki kulinganisha. Yeye hakuhatarisha chochote isipokuwa nusu saa yake. Lakini nilipomwona anashusha mikungu ile mmoja mmoja, nilielewa kwamba ndizi za babu zilikuwa mali ya mtu, zilizokatwa na kufungwa ili ziuzwe siku ile.

Karibu na mto nilimwuliza bibi mmoja kama anakumbuka wavushaji wa mitumbwi wa miaka ile. Aliniita mjukuu, akaniambia: "Walikuwepo waliovusha, na walikuwepo waliokataa kuvusha. Na walikuwepo waliovusha wakalipwa kisha wakaenda kusema." Hakutaka kuendelea, nami sikumlazimisha.

Maneno yake yananirudisha kwenye swali langu. Historia ya safari huandikwa na msafiri. Mpoland Kazimierz Nowak alizunguka Afrika kati ya 1931 na 1936, sehemu kubwa ya njia akiwa juu ya baisikeli, akasafiri kilomita zipatazo 40,000. Tunaijua safari yake kwa sababu alituma makala na picha kwenye magazeti ya kwao. Wenyeji waliompa maji na pa kulala hawakutuma kitu. Ndivyo ilivyo kwa babu: aliyepokea ana jina, mjukuu na rekodi ya simu, na aliyetoa hana.

Kuna sababu nyingine. Wema ulioshindwa huacha alama. Burundi inawakumbuka wanaseminari 40 wa Buta waliouawa tarehe 30 Aprili 1997 kwa sababu walikataa kutenganishwa Wahutu na Watutsi. Makaburi yao yapo, na watu huenda kuyazuru. Lakini wema uliofanikiwa hauachi kaburi. Unaacha mtu anayeendelea na safari, na mwingine anayerudi nyumbani na mikungu mitatu pungufu, akiwa na kila sababu ya kunyamaza. Tukiandika 1972 kwa kutegemea nyaraka na makaburi tu, tutawahesabu wauaji na waliouawa, na tutawaacha nje watu kama huyu. Wazee wanaoweza kuwasimulia wanapungua kila mwaka. Kwa hiyo nadhani wajibu wetu wanafunzi ni kuuliza sasa, na kuandika hata pale jina lisipopatikana.

Mwishoni mwa rekodi yangu, kabla sijazima simu, nilimwambia babu kwamba siku moja nitakwenda kuitafuta taa yake. Alicheka, kisha akanyamaza.

"Usiulize taa, mjukuu wangu," akasema. "Mtu aliyekutwa na taa ya mwalimu nyumbani kwake angejibu nini? Uliza kama alipona."

Niliuliza, vilimani mashariki mwa Gitega, siku nzima. Walionisikiliza walinipa maji na kiti. Hakuna aliyejua.