Kivuli cha punje ya dhahabu

Huku kwetu Nairobi, saratani hupigwa kwa fotoni. Protoni Kenya hatuna. Robert Wilson alitoa wazo hilo 1946, Berkeley wakatibu 1954, Afrika Kusini 1993.

Baadaye madaktari walipandikiza punje za dhahabu kwenye tezi dume ili mashine ijue shabaha ilipo. Fotoni hazisumbuki sana. Protoni, ambayo husimama mahali maalumu, ikipita kwenye dhahabu hupungukiwa nguvu na kutawanyika. Nyuma ya punje hubaki kivuli chenye dozi pungufu, na seli za saratani zinaweza kunusurika humo!

Hapo sisi watunga programu tunahusika: chuma huchafua picha ya CT, hesabu ikapotoka. Thamani sahihi lazima iingizwe kwa mkono. Punje nyembamba husaidia, na miale ikitoka pande mbili kivuli hufifia.