Daraja la Milwaukee: Historia ya Mlango Uliofungwa



Katika miji yetu mikubwa, mtu anayetafuta nyumba ya kupanga huzijua hatua zake. Humwendea kamisioneri, huonyeshwa vyumba viwili ndani ya parsele ya mtu, huulizwa ana watoto wangapi, hutajiwa garanti. Kisha huja swali lisilohusu fedha hata kidogo: «Wewe ni mtu wa wapi?» Mara nyingine swali hilo ni salamu tu. Mara nyingine ni kufuli. Ili tulitafakari jambo hili bila kunyosheana vidole, na tuitazame historia ya mji wa mbali, ambako Wakatoliki walisimama ndani ya mlango uliofungwa, na Wakatoliki wengine wakasimama nje wakibisha.

Mji huo ni Milwaukee, kaskazini mwa Marekani, kando ya ziwa Michigan. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 walifika huko Wapolandi wengi, watu maskini waliokuja kutafuta kazi viwandani. Walidharauliwa kwa sababu ya lugha yao na dini yao. Wakajijengea nyumba ndogo za mbao katika upande wa kusini wa mji. Familia ilipopata akiba kidogo, iliinua nyumba nzima kwa jeki na kujenga chini yake vyumba vingine, ili sehemu moja ipangishwe kwa ndugu au kwa mtu wa kwao aliyeshuka karibuni kutoka Ulaya. Nyumba za namna hiyo zinaonekana Milwaukee hata leo, na bado zinaitwa kwa jina la Wapolandi. Kwa michango yao hao wafanyakazi walijenga pia kanisa kubwa la Mtakatifu Yosafati, lililokamilika mwaka 1901. Mawe yake yalitoka katika jengo la posta lililobomolewa Chicago, nao wakayasafirisha kwa treni. Watu hawa, basi, walijua ugeni ni nini, na walijua kumpokea mgeni. Tulikumbuke hilo, kwa maana bila hilo hatutaelewa yaliyofuata.

Baada ya vita vya pili vya dunia, walifika wageni wengine: Wamarekani weusi waliotoka majimbo ya kusini, nao pia wakitafuta kazi viwandani. Mwaka 1950 walikuwa wapata 22,000 katika mji ule. Mwaka 1960 walizidi 62,000. Lakini idadi iliongezeka na nafasi haikuongezeka. Walibanwa katika mitaa michache ya kaskazini, penye nyumba kuukuu, wakilipa kodi isiyolingana na hali ya nyumba hizo. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeamua kwamba mahakama haziwezi kutekeleza mapatano ya wenye mali ya kutowauzia weusi nyumba. Hata hivyo desturi haikufa. Dalali hakuwaonyesha nyumba za mitaa mingine. Mwenye nyumba alisema, «Imekwisha kupangishwa,» na kesho yake tangazo lilikuwa bado dirishani.

Kati ya kaskazini na kusini kulikuwa na bonde la mto Menomonee, lililojaa viwanda, na juu ya bonde hilo lilipita daraja la barabara ya 16. Watu wa mji walikuwa na mzaha wao: kwamba hilo ndilo daraja refu kuliko yote duniani, kwa sababu linaunganisha Afrika na Polandi. Walioutoa mzaha huo walicheka. Ila mtu mwenye mke na watoto, aliyefanya kazi upande mmoja na kukatazwa kulala upande huo, hakuwa na la kumchekesha.

Mwaka 1956 mwanasheria Vel Phillips aliingia katika baraza la mji. Alikuwa mwanamke wa kwanza na mtu mweusi wa kwanza kuketi humo. Mwaka 1962 alipendekeza sheria ya kukataza ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba. Kura zilipohesabiwa, 18 zilikataa na moja ikakubali: yake mwenyewe. Alirudia pendekezo lake mara baada ya mara, na kila mara alibaki peke yake. Hoja ya waliompinga ilikuwa nyepesi kusema: nyumba ni yangu, nitampa nimtakaye.

Hapo ndipo vijana walipoingia. Padri James Groppi, mtoto wa wahamiaji Waitalia, alikuwa amezaliwa mwaka 1930 katika upande ule ule wa kusini. Tangu mwaka 1963 alitumika katika parokia ya Mtakatifu Bonifasi, ambayo waamini wake wengi walikuwa weusi, na tangu 1965 alikuwa mshauri wa baraza la vijana la chama cha NAACP, kilichotetea haki za weusi. Padri hakuwaongoza kama mchungaji aongozavyo kondoo wasio na neno. Vijana wenyewe walijadiliana, wakaamua, na baadhi yao wakaunda kikosi cha kuwalinda waandamanaji bila silaha. Katika mwaka 1967 walisikia habari ya kijana mweusi, askari aliyerudi kutoka vita vya Vietnam, aliyenyimwa nyumba ya kupanga kwa sababu ya rangi yake. Alikuwa ametumwa kuilinda nchi, na katika nchi hiyo hakuruhusiwa kuchagua mahali pa kulala. Vijana wakaona kwamba wakati wa kungoja umekwisha.

Jioni ya tarehe 28 Agosti 1967, watu wapata 200 walivuka daraja kwa miguu kuelekea kusini. Ng'ambo walingojewa na maelfu ya wazungu wenye hasira. Kesho yake walirudi, na waliowangoja walikuwa wengi zaidi, wakirusha mawe, chupa na matusi. Usiku huo nyumba iliyokuwa makao ya vijana iliteketea kwa moto. Meya alipiga marufuku maandamano ya usiku. Wengi walikamatwa, na padri akiwa miongoni mwao.

Hapa, vijana wapenzi, tusipite haraka. Wengi wa wale waliorusha mawe walikuwa wabatizwa. Siku ya Dominika walipiga magoti mbele ya Ekaristi ile ile ambayo padri yule aliiadhimisha ng'ambo ya bonde. Kuwaita wanyama ni rahisi, lakini hakutufundishi kitu. Walikuwa baba na mama wa jamaa, waliojinyima miaka mingi ili kupata nyumba moja, nao walikuwa wameambiwa kwamba mpangaji mweusi akiingia mtaani thamani ya nyumba zote itashuka. Waliogopa. Hofu yao waliivika vazi zuri, wakaiita upendo kwa watu wao.

Askofu Mkuu William Cousins alipata barua nyingi za kumtaka amwondoe padri huyo. Hakukubaliana naye katika kila jambo, lakini hakumwondoa. Vijana nao waliendelea kutembea, usiku baada ya usiku, wakapita katika mvua, theluji na baridi kali ya mji ule. Mwezi wa Desemba baraza la mji lilipitisha sheria dhaifu, iliyoacha nje sehemu kubwa ya nyumba za mji. Vel Phillips aliikataa, akisema kwa kura yake kwamba nusu ya haki haitoshi. Maandamano yalifikia usiku wa 200 tarehe 14 Machi 1968. Majuma matatu baadaye, tarehe 4 Aprili, Martin Luther King aliuawa Memphis. Tarehe 11 Aprili rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria ya taifa zima ya kukataza ubaguzi katika nyumba, na tarehe 30 Aprili Milwaukee ilipitisha sheria yake, iliyokuwa kali kuliko ile ya taifa.

Je, mlango ulifunguka? Kwa sehemu. Sheria ya taifa iliacha nje nyumba ndogo ambazo mwenyewe anaishi humo pamoja na wapangaji wachache. Maana yake ni kwamba pale ambapo watu wawili wanatazamana uso kwa uso kizingitini, sheria hiyo ilimwachia mwenye nyumba aamue kwa dhamiri yake. Na Milwaukee hadi leo ni mojawapo ya miji ya Marekani ambako weusi na weupe wanaishi mbalimbali sana. Padri Groppi aliacha huduma ya upadri mwaka 1976, akaoa, akawa dereva wa basi, akafariki mwaka 1985. Mwaka 1988 daraja lile la mzaha lilipewa jina lake, likaitwa daraja la umoja.

Historia hii yatuambia nini? Wapolandi wa Milwaukee hawakukosa ukarimu. Waliinua nyumba zao juu ili mgeni apate pa kulala chini. Kasoro ni kwamba ukarimu wao ulikuwa na mpaka, na mpaka huo ulikuwa damu. Ukarimu wa namna hiyo ni mwema, lakini bado haujawa wa Kikristu, maana hata wasiomjua Mungu huwapokea ndugu zao. Kitabu cha Walawi kinawaagiza Waisraeli wampende mgeni kwa sababu wao wenyewe walikuwa wageni Misri. Mtume Yakobo, katika sura ya pili ya barua yake, anakemea kanisa linalomketisha mtu kwa kutazama sura yake. Mtaguso wa Vatikano wa pili, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, unahesabu makao kati ya mambo ambayo kila mtu anayahitaji ili aishi kama mtu, tena unasema kwamba ubaguzi wa rangi, wa lugha na wa hali ya maisha ni kinyume cha mpango wa Mungu. Na Mwokozi wetu alizaliwa baada ya mamaye kukosa nafasi mahali pa wageni.

Turudi sasa katika komine zetu. Mwenye nyumba ana haki ya kuuliza kama kodi italipwa, kama parsele itatunzwa, kama jirani watalala kwa amani. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 31 Desemba 2015 inamtambua yeye pamoja na mpangaji, na inaweka hata mpaka wa garanti. Lakini anapomrudisha mtu kwa sababu ya lugha aliyoisikia kinywani mwake, amemnyima makao mtoto wa Mungu, hata kama asubuhi yake walipeana amani katika Misa. Baadhi yenu mtarithi parsele. Wengine tayari mnafanya kazi ya ukamisioneri, na mnasikia yale ambayo wenye nyumba hawathubutu kusema mbele ya padri. Neno moja la adabu kutoka kwenu, «Mzee, huyu namfahamu, ni mtu mwema,» laweza kumwokoa mtafutaji na kumwokoa mwenye nyumba pia, asije akamfungia Kristu nje.

Maswali ya kushirikishana katika kikundi:

1. Katika mtaa wetu, ni watu gani hupata shida zaidi kupewa nyumba ya kupanga, na hutolewa sababu gani?
2. Vel Phillips alibaki peke yake miaka mingi. Ni nini kinachotuzuia sisi kusema neno la haki tukiwa peke yetu?
3. Kikundi chetu kinaweza kufanya nini mwaka huu kwa ajili ya familia moja inayotafuta makao?