Ukungu

Ruaha Mbuyuni, kwenye mashamba ya vitunguu, mkulima akilalamikia ukungu hazungumzii hewa ya alfajiri. Anatafuta dawa ya kupulizia. Neno limeshabeba mizigo miwili. Wa tatu tusilitwishe katika tafsiri: kiumbe Dictyostelium discoideum, aliyeelezwa na mwanabiolojia Kenneth Raper mwaka 1935, si ukungu wala kuvu. Ni amiba wa udongoni, mla bakteria. Njaa ikibana, amiba hutoa kemikali, AMP ya mzunguko. Wenzao huifuata inakozidi, huku kalsiamu ikiingia kwenye seli na kunaswa na protini kama kalmodulini. Maelfu hukusanyika wakawa mwili mmoja, nao (amini usiamini) hutambaa. Kinachotambaa kukiita ukungu ni uvivu wa mfasiri. “Amiba wa kijamii” latosha.