Mkataba, Prime na Ukimya: Mwalimu Mpenda Jinsia Moja katika Vyuo Vikuu vya Goma

Hakuna sheria ya Kongo inayofanya mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa la jinai. Kifungu cha 40 cha Katiba ya 2006 kinamruhusu mtu kufunga ndoa na amtakaye, mradi awe wa jinsia nyingine, basi. Polisi wakimtaka mtu humtafutia kifungu cha 176 cha Kanuni ya Adhabu, kinachohusu kuvunja staha hadharani: siku 8 hadi miaka 3 gerezani. Mwaka 2013 mbunge Steve Mbikayi alipeleka bungeni muswada wa kuharamisha mapenzi hayo, nao haukupita. Miaka michache baadaye Mbikayi huyohuyo akawa Waziri wa Elimu ya Juu na Vyuo Vikuu. Kila mwalimu aliyehusika aliielewa ishara hiyo bila kuandikiwa waraka.

Hata hivyo, wanaoishia kwenye sheria hawalioni tatizo lenyewe. Kwa mwalimu wa Goma, hatari hupitia kwanza kwenye ajira.

Asistanti, yaani mwalimu wa ngazi ya chini, hufundisha kwa mikataba ya muda inayohuishwa, na kupanda kwake cheo kunategemea profesa anayemsimamia. Mshahara wa serikali kutoka Kinshasa huchelewa; wengine hawamo kabisa kwenye orodha ya malipo, wanaishi kwa prime, yaani posho inayotoka kwenye ada za wanafunzi. Tangu waasi wa M23 wauteke mji mwishoni mwa Januari 2025 na mabenki kufungwa, hata aliyekuwa na uhakika wa mwisho wa mwezi hana tena. Vyuo vingine viko chini ya makanisa: ULPGL, chuo kikuu cha hapa Goma, ilianzishwa na makanisa ya Kiprotestanti mwaka 1985. Katika hali hiyo, nani ahangaike kuandika barua ya kumfukuza mtu? Inatosha kutohuisha mkataba, au kumpa mwingine somo lake. Hakuna uamuzi ulioandikwa, kwa hiyo hakuna cha kukatia rufaa.

Tulinganishe na Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda. Mwaka 2003 Sylvia Tamale, mwalimu wa sheria, alitaka wapenda jinsia moja wa Uganda walindwe dhidi ya ubaguzi, akatukanwa na kutangazwa mwanamke mbaya kuliko wote wa mwaka huo. Mwaka uliofuata akawa mkuu wa Kitivo cha Sheria, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo. Uganda haikuwa na upole kuliko Kongo, na sheria yake ya 2023 dhidi ya mapenzi ya jinsia moja ni ushahidi tosha. Ila Tamale alikuwa na cheo imara, na hakuwa akijitetea mwenyewe. Asistanti wa Goma hana hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Wapinzani husema lazima tuwalinde wanafunzi. Nakubali, tena kwa dhati kuliko wengi wao. Wanafunzi wa Kongo wamekuwa wakitania kwa uchungu kuhusu « alama zinazoambukizwa kwa ngono », yaani zile ambazo msichana huzilipia kwa mwili wake. Sheria ya Julai 2006 kuhusu ukatili wa kingono inaadhibu anayetumia mamlaka yake hivyo, na haiulizi kama ni mwanamume au mwanamke. Anayeuza alama hujulikana kwa jina, na wenzake humcheka tu kwenye baraza la walimu. Mwalimu mpenda jinsia moja asiyemgusa mwanafunzi yeyote ndiye anayeficha simu yake. Huo si ulinzi wa vijana. Chuo kinaandama kosa lisilo lenyewe, na wanaolipa ni wanafunzi pia, kwa sababu mwalimu anayeogopa kufichuliwa hawezi kumripoti mwenzake, na mwanafunzi aliyeijua siri yake anaweza kumdai alama.

Sidai kwamba mtu ajitangaze. Goma ya leo haina nafasi hiyo, na kumshauri mtu ajitoe mhanga ukiwa mbali ni anasa. Ninachodai ni kidogo zaidi, na kiko ndani ya uwezo wa kamati za uongozi wa vyuo hata mabenki yakiwa yamefungwa: mkataba wa asistanti usikatwe wala kuachwa ufe bila sababu iliyoandikwa na kutiwa saini, na sababu hiyo ihusu kazi yake. Wakuu wa vyuo, anzeni na hilo.